Kutoka Majani Hadi Feleji: Lugha ya Kompyuta Iliyolelewa kwa Kukosolewa

Ukitoka Gisenyi kwa barabara ya lami ipandayo kuelekea Musanze, ukaliacha nyuma Ziwa Kivu na upepo wake, utafika Mukamira katika Wilaya ya Nyabihu. Huko tangu mwaka 2019 ipo shule iitwayo Rwanda Coding Academy, ambako vijana wa sekondari hufundishwa kuiandikia kompyuta maagizo. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalumu, zenye sarufi kali kuliko ile tuliyochapiwa sisi utotoni. Wengi wetu tuvaao sare hupita hapo bila kugeuza shingo, tukidhani mambo hayo ni ya raia. Sivyo. Moja ya lugha za namna hiyo ilizaliwa mikononi mwa jeshi, na malezi yake ni habari inayomhusu kila askari na kila polisi aliyepata kupokea ripoti asiyoipenda.

Kwanza tukumbuke Dhahran, Saudi Arabia. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Iraq liliangukia kambi na kuua askari 28 wa Marekani. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulinda mahali hapo haukufyatua hata kombora moja. Programu yake ilihesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde, namba ambayo kompyuta ile haikuweza kuihifadhi kikamilifu. Kila saa iliyopita, kosa dogo likaongezeka. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo, na kosa likafikia theluthi ya sekunde. Kwa kombora liendalo kwa kasi ile, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita.

Kinachouma ni kwamba onyo lilikwisha kutolewa. Waisraeli walitoa taarifa tarehe 11 Februari kwamba mtambo hupoteza shabaha ukiachwa umewashwa kwa saa nyingi. Hawakupuuzwa. Programu ilisahihishwa, na tarehe 21 vikosi vilipelekewa ujumbe wa kuonya dhidi ya kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana. Muda huo ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo. Kumbe mtu aweza kukubali kosa na bado asiwe amelijibu.

Sasa turudi kwenye lugha yenyewe. Mnamo mwaka 1975 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa imeelemewa na lugha na lahaja za kompyuta zaidi ya 450, kila mradi na yake. Luteni Kanali William Whitaker wa Jeshi la Anga alikabidhiwa kundi la kutafuta lugha moja. Afisa huyo hakuanza kwa kuunda lugha. Kundi lake liliandika orodha ya mahitaji, likaisambaza kwa majeshi, viwanda na vyuo, ndani na nje ya Marekani, likiomba liambiwe orodha hiyo ina ubovu gani. Waraka wa kwanza uliitwa Mtu wa Majani, ili atakaye kuuangusha auangushe. Ukapigwa kweli kweli, ukaandikwa upya ukaitwa Mtu wa Mti. Kisha wa Bati, kisha wa Chuma, na mwaka 1978 wa Feleji.

Yakafuata mashindano. Timu nne za kuunda lugha zilipewa majina ya rangi, yaani Kijani, Nyekundu, Buluu na Manjano, ili wahakiki waipime kazi bila kuangalia ni ya kampuni gani. Sisi wanajeshi tunajua ugumu wa jambo hilo, maana uzito wa ripoti mara nyingi hutegemea bega lililoibeba. Mwaka 1979 Kijani ilishinda, kazi ya timu ya Jean Ichbiah wa Ufaransa. Lugha ikaitwa Ada, kwa heshima ya Ada Lovelace wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1815.

Lakini Oktoba 1980 mtaalamu Mwingereza Tony Hoare, akipokea tuzo ya Turing, alitumia jukwaa hilo hilo kuonya kwamba lugha hiyo ina mambo mengi mno, na kwamba katika hali yake ile isiruhusiwe kuongoza makombora wala mitambo ya nyuklia. Hatutaficha: jibu la wakati ule halikuridhisha, kwani lugha haikupunguzwa. Ila katika miaka ya 1980 wataalamu wa Southampton waliifyeka Ada, wakaacha sehemu ndogo tu waliyoiita SPARK, ambayo programu zake huthibitishwa kwa hesabu. Na hesabu hizo zimejengwa juu ya kazi ya Hoare mwenyewe ya mwaka 1969!

Lawama nyingine ilihusu kazi mbili zinazotumia kumbukumbu moja. Mtindo wa kwanza ulidai wawepo walinzi wa kati, mfano wa mtunza ghala la silaha anayeamshwa kila mtu atakapo kutazama daftari. Watumiaji wakalalamika kwamba ni mzigo. Toleo la mwaka 1995 likaleta kufuli badala ya mtunza ghala: wengi waweza kusoma pamoja, wa kuandika huingia peke yake.

Jambo moja lililowashinda wenye Ada ni amri. Mwaka 1991 sheria ya Marekani ililazimisha lugha hiyo itumike jeshini. Mwaka 1997 sharti likaondolewa, na wengi waliokuwa wameitumia kwa kulazimishwa wakahamia lugha nyingine. Waliobaki wameendelea na desturi yao, na toleo jipya lilitangazwa mwaka 2023. Kila hoja inayopokelewa hupewa namba, hujadiliwa, na jibu huandikwa pamoja na sababu zake, hata likiwa ni la kukataa. Kijana wa Mukamira akigundua kasoro leo anaweza kuituma, nayo itapewa namba kama ile ya profesa.