Dakika ya Kwanza: Utafiti wa Kuhuisha Watoto Wachanga katika Mikoa ya Shinyanga na Geita

Moyo wa binadamu unaposimama, damu huacha kuzunguka na ubongo hukosa oksijeni. Baada ya dakika chache tu seli za ubongo huanza kufa. Mwaka 1960 wataalamu watatu wa Baltimore, Marekani, yaani Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walionyesha kwamba damu yaweza kusukumwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono, pasipo kumpasua mgonjwa. Siku hizi mtu mzima ambaye moyo wake umesimama hukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kwa mtoto anayezaliwa mambo huwa kinyume. Mara nyingi moyo wa mtu mzima husimama kwanza, ndipo pumzi hukatika. Mtoto mchanga hukosa pumzi kwanza. Moyo wake, ijapokuwa ni mzima, hupunguza mapigo kwa kukosa oksijeni na hatimaye husimama. Akiwa tumboni, mapafu yake yamejaa majimaji, naye hupata oksijeni ya mama kupitia kondo la nyuma. Akishazaliwa, ni lazima mapafu hayo yajae hewa. Kwa hiyo mkunga humkausha na kumsugua mgongoni. Asipopumua, humpulizia hewa kwa mfuko wenye barakoa, mara 40 hivi kwa dakika. Yapasa kazi hiyo ianze kabla ya dakika ya kwanza kwisha.

Kujua na kuweza

Uzito wa dakika hiyo ulipimwa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kupuliza hewa iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Mwaka 2010 wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri zaidi walipojaribiwa kwa mwanasesere, lakini huduma yao kwa watoto halisi haikubadilika. Ndipo utaratibu ukabadilishwa: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, papo hapo wodini, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Shinyanga na Geita

Je, mafanikio ya hospitali moja yaweza kupatikana penginepo? Swali hilo lilijaribiwa kuanzia mwaka 2021 hadi 2023 katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Mwanza, Shinyanga na Geita. Geita, mkoa ulioundwa mwaka 2012, na Shinyanga jirani yake zina machimbo ya dhahabu yanayovuta vijana wengi, na wodi zao za wazazi hupokea akina mama wengi.

Mikoa iliingizwa katika mpango kwa zamu, ili kila kituo kilinganishwe na hali yake cha chenyewe kabla ya mpango kuanza. Pamoja na mazoezi mafupi ya mara kwa mara, wakunga walipewa kifaa kiitwacho Moyo, kinachohesabu mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na takwimu za kituo zilijadiliwa na wahudumu wenyewe.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wa waliozaliwa hai: vifo vyao vilipungua kwa takriban asilimia 40. Hata hivyo mafanikio hayakulingana katika mikoa yote, na kwa kuwa mpango ulikuwa na sehemu kadhaa, haiwezekani kuipa sehemu moja sifa yote.

Jambo moja limedhihirika. Maarifa ya kuhuisha yamekuwapo kwa miongo mingi, na mfuko wa kupulizia hewa si chombo cha ajabu. Lakini usiku wa manane, mtoto anapozaliwa kimya, hapana nafasi ya kufungua kitabu. Mkono uliozoezwa wiki iliyopita ndio unaowahi.