Kakanda na Walaji wa Shaba

Mtu asafiriye kutoka Likasi kuelekea Fungurume huona vilima vya namna ya pekee. Msitu wa miti umevizunguka, lakini juu yake hapana miti mikubwa, ila majani na maua madogo tu. Wazee walizijua siri za vilima hivyo: penye shaba nyingi udongoni, mti haupendi kuota. Katika nchi hiyo ndipo ulipo mji mdogo wa Kakanda.

Wako vijana wanaodhani kwamba historia ya mahali hapa ilianza siku mashine za Wazungu zilipofika. Yafaa tuwasahihishe. Karne nyingi kabla ya Wazungu, watu wa Katanga walikwisha kujua kuyeyusha shaba. Katika nchi ya Wasanga, mafundi wa kazi hiyo waliitwa walaji wa shaba, maana shaba ndiyo iliyowapatia mali. Mwaka wa 1926 Monsinyori de Hemptinne, mkubwa wa misioni ya Katanga, alitoa kitabu juu yao, akikipa jina hilohilo.

Je, walifanyaje kazi yao? Walingoja kwanza mavuno. Chakula kilipokwisha kuingia ghalani, na mvua kukoma, ndipo walipotoka kwenda vilimani. Walichimba mawe ya kijani, wakachoma makaa, wakajenga tanuu kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto kwa mivukuto ya ngozi. Shaba iliyoyeyuka waliimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha yao: ilinunua bidhaa, ikatolewa mahari. Mvua za kwanza zilipokaribia, walirudi nyumbani kushika jembe.

Halafu nyakati zikabadilika. Kompani ya Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906; reli ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910; na mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa huko katika tanuu kubwa. Watu waliajiriwa kutoka Kasai, Rwanda, Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Mwanzoni walikuja wanaume peke yao. Baadaye, katika miaka ya 1920, kompani iliona kwamba mtu mwenye mke na watoto karibu hukaa kazini muda mrefu, ikaanza kuwakaribisha jamaa zao. Hivyo kambi zikawa vijiji. Mluba, Mbemba na Msanga walikaa ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawa lugha ya watoto wao wote.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière huko Kongo, na kompani mpya ikaja kuitwa Gécamines. Huko Kakanda ilikuwa na machimbo na kiwanda cha kuchambulia mawe ya shaba. Katika kambi za Gécamines mfanyakazi alipata mshahara, nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule kwa watoto. Watu walisema kwamba kompani ni baba na mama. Lakini baba huyo alikuja kuugua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Na miaka michache baadaye shaba yote ya mwaka haikufika tani 50,000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa kupewa kiinua mgongo.

Katika kambi nyingi za Katanga, ni nani aliyelisha nyumba wakati ule? Mara nyingi ni mama. Alitafuta shamba porini, akapanda mahindi na mihogo, akauza sombe sokoni ili bukari isikosekane jioni. Nyumba iliyokuwa na jembe iliteseka, lakini haikuanguka. Jirani mwenye unga alimpa asiye nao, bila kuuliza kabila.

Siku hizi dunia inaililia kobalti, ndugu ya shaba, na kompani nyingine zimekuja. Vijana wengi huchimba kwa mikono, na wengine huacha shule wakifuata fedha ya siku moja. Hatuwalaumu kwa kuwa njaa haina subira. Lakini tunawakumbusha neno moja la babu zao. Walaji wa shaba hawakula shaba peke yake. Ghala lilijaa kwanza, ndipo kilima kikachimbwa. Jiwe likichimbwa haliote tena. Shamba na elimu huzaa kila mwaka.

Basi, enyi wanafunzi, jioni ya leo keteni karibu na bibi, mkamwulize nyumba yenu ilipitaje miaka ile. Yaandikeni atakayosema, maana historia ya kijiji ni mali ambayo hakuna kompani iwezayo kuichukua.