Dawa Amepewa, Lakini Analala Wapi?

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini, sisi wauguzi humpa maelekezo. Safisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa. Inua mguu unapolala. Meza vidonge baada ya kula. Maelekezo yote hayo yanadhani kwamba mtu ana nyumba. Anayelala barazani mwa duka atachemshia wapi maji?

Katika wodi ya wanaume tulimpokea mzee mmoja mara nne kwa kidonda kile kile cha mguu. Kila mara alitoka kikiwa kimeanza kukauka, akarudi kikitoa harufu. Wenzangu walisema ni pombe. Kweli, alikunywa. Lakini ni wangapi tunaowajua wanakunywa na vidonda vyao vinapona?

Shaka hiyo hiyo imebadilisha sera za nyumba katika nchi kadhaa. Zamani utaratibu wao ulikuwa kama ngazi. Asiye na makazi alianzia kwenye bweni la usiku. Akiacha pombe na kukubali matibabu, alipandishwa hadi chumba cha muda. Akidumu hivyo, ndipo alipewa nyumba. Akiteleza, alirudishwa chini.

Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliigeuza ngazi hiyo. Shirika aliloanzisha, Pathways to Housing, liliwapa wagonjwa wa akili waliokuwa wakiishi barabarani nyumba kwanza, hata wale walioendelea kulewa. Masharti yalikuwa mawili tu: kuchangia kodi asilimia 30 ya kipato, na kukubali kutembelewa na wahudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa baada ya miaka mitano asilimia 88 walikuwa bado na makazi. Kwa njia ya ngazi walikuwa asilimia 47.

Finland iliufanya mpango wa namna hiyo kuwa sera ya taifa mwaka 2008. Serikali, miji na mashirika walikubaliana kugeuza mabweni ya usiku kuwa nyumba za kupanga. Mjini Helsinki, bweni la Jeshi la Wokovu lenye vitanda kama 250 liligeuzwa kuwa nyumba ndogo 81, kila mpangaji na mkataba wake, ufunguo wake na jiko lake. Wahudumu wapo jengoni, na mpangaji huwaita anapowahitaji. Mwaka 2008 watu wasio na makazi nchini humo walikuwa kama 8,000; mwaka 2023 walikuwa 3,429.

Tusidhani ni maneno matamu tu yaliyofanya kazi. Mji wa Helsinki wenyewe unamiliki makumi ya maelfu ya nyumba za kupangisha, na unaendelea kujenga. Pasipo nyumba, kusema “nyumba kwanza” ni sawa na kuandika dawa isiyokuwamo katika stoo. Tena, serikali ilipopunguza ruzuku ya kodi na misaada mingine, hesabu ya mwaka 2024 ilipanda hadi 3,806.

Wala nyumba haiponyi kila kitu. Kanada ilijaribu njia hii katika miji mitano kati ya 2009 na 2013, kwa watu zaidi ya 2,000. Waliopewa nyumba walitulia katika makazi kuliko wenzao, lakini katika ulevi na ugonjwa wa akili hawakuwapita sana. Mimi hilo halinishangazi. Hata hivyo, mgonjwa mwenye anwani ninaweza kumfuata na sindano yake. Asiye na anwani namsubiri mpaka aletwe amezidiwa.

Yule mzee, baada ya kulazwa mara ya nne, mpwa wake alimpa chumba cha uani chenye kitanda na ndoo yenye mfuniko. Nilikwenda kumfunga kidonda mara mbili kwa juma. Katika juma la tisa kilifunga. Pombe hajaacha.