Mtama Mweupe na Hesabu ya Ndege
Huko Serere, mashariki mwa Uganda, watafiti waliwahi kufanya jambo ambalo wapangaji wengi wa miradi husahau: walimhesabu ndege. Miaka ya 1960 Hugh Doggett na wenzake waliwapa wakulima Serena, mbegu waliyoipata kwa kukutanisha Dobbs, mtama wa Afrika Mashariki, na mwingine wa Swaziland. Ilikomaa mapema, ikazaa vizuri, na punje zake za hudhurungi zilijaa tanini. Ndege kwelea kwelea akiionja, naye ana shamba jingine karibu, huhama. Tabu ni kwamba ukakasi ule haumpendezi binadamu pia. Serena ilifaa zaidi pombe kuliko ugali.

Mbegu zilizofuata zikaelekea upande wa pili. Gadam, mtama wenye asili ya Sudan, ni mfupi, hukomaa kwa takriban miezi mitatu, na punje zake ni nyeupe, bila ukakasi ule. Watengeneza bia wa Kenya waliutaka kwa ajili ya bia ya Senator, ukaenezwa Machakos, Makueni, Kitui na Tharaka. Mpango ulikuwa mzuri: mvua haba, mbegu ya muda mfupi, mnunuzi anayesubiri. Mwaka 2013 serikali ikapunguza kwa nusu msamaha wa ushuru wa bia hiyo. Bei ikapanda, wanywaji wakapungua, na mtama ukakosa pa kwenda. Sehemu kubwa ya msamaha ilirejeshwa 2015, lakini mkulima anakula kila mwaka. Hakuna mtafiti anayeweza kuzalisha mtama unaostahimili ushuru.

Ndege yeye hangoji bajeti. Kwelea ana uzito wa gramu kama 20, ila hula karibu gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni moja humaliza tani 10 kutwa. Kwa hiyo tangu punje zikiwa na maziwa mpaka mavuno, lazima mtu aamie, alfajiri hadi jua kuchwa, juu ya dungu, kombeo mkononi. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya watoto. Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto wakaingia darasani, tena vyema kabisa. Kazi ya kuamia ikabaki palepale, ikimsubiri mama, nyanya, au kibarua wa kulipwa.

Vituo vya utafiti navyo huamia. Huajiri watu wa kufukuza ndege, masuke mengine yakavishwa mifuko. Magunia yanayotajwa kwenye maelezo ya mbegu ni ya shamba lililolindwa namna hiyo, na mimi ningetaka kando ya siku za kukomaa ziandikwe siku za kuamia pamoja na ujira wake. Mkulima huzijumlisha mwenyewe kabla ya kupanda, na mara nyingi jumla hiyo ndiyo humrudisha kwenye mahindi, hata pale ajuapo kuwa mvua haitayatosha.