Fahamu: Jina la mtalaka linaondolewaje kwenye hati ya nyumba?

Talaka huvunja ndoa, lakini haigusi daftari la ardhi. Nchini Tanzania, jina lililoandikwa kwenye hati miliki hubaki hadi Msajili wa Hati apate nyaraka halali za kulibadilisha.

Nani anaamua mgawo?

Mahakama. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja. Huangaliwa mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni na mahitaji ya watoto. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ajabu ni kwamba mwanamke aliyeleta shauri hilo hakupata mgawo: ilionekana alishatapanya fedha alizopewa na mumewe.

Nusu kwa nusu, basi, si kanuni.

Jina linatokaje?

Wakikubaliana, anayeondoka humhamishia mwenzake sehemu yake, mara nyingi baada ya kufidiwa, na uhamisho husajiliwa. Akigoma kusaini, anayebaki hurudi mahakamani kukazia hukumu.

Vipi kama kuna rehani?

Hapa ndipo wengi hukwama. Kubadilisha hati hakubadilishi mkataba wa mkopo. Mtalaka aliyesaini kama mkopaji ataendelea kudaiwa mpaka deni liishe, au benki ikubali kumwondoa.