Mbwa ndani ya nyumba yenye magurudumu: Raha na hatari zake

KATIKA miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, mbwa ni askari wa usiku. Kazi yake ni kubweka mgeni anapokaribia lango, na makao yake ni kibanda kilicho nyuma ya nyumba. Akipanda gari, mara nyingi huwa ni nyuma ya pikapu, tena siku ya kupelekwa kuchanjwa.

Nchini Marekani mambo ni tofauti. Huko zipo familia nyingi ambazo haziwezi kwenda likizo na kumwacha mbwa nyumbani. Kwa kuwa hoteli nyingi hazipokei wanyama, na kwa kuwa ndege humlaza mbwa mkubwa katika sehemu ya mizigo, wengi wao husafiri kwa gari-nyumba.

Gari-nyumba ni gari linaloweza kuwa dogo kama matatu au kubwa kama basi la abiria. Ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, jokofu, meza, choo na bafu. Mengi ya magari hayo huundwa katika eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Mwenye gari huendesha mchana, na jioni huegesha kambini, akaunganisha umeme na maji, akalala kitandani mwake.

Kwa mbwa, hiyo ni neema. Halali kwa wageni, hafungiwi kizimbani peke yake, na harufu ya matandiko yake haibadiliki hata kama nje mandhari yanabadilika kila siku.

Lakini nyumba inayotembea si nyumba ya kawaida. Hukimbia kilomita 100 kwa saa, huchemka ikiegeshwa juani, na mlango wake hufunguliwa mahali pageni kila jioni. Mwendo, joto na mlango: hayo ndiyo mambo matatu ambayo mwenye mbwa hana budi kuyafikiria kabla ya kuwasha injini.

Charley, mbwa msafiri

Mbwa aliyepata umaarufu mkubwa kwa safari za namna hii aliitwa Charley. Alikuwa mbwa mkubwa wa aina ya poodle, tena mzee, na bwana wake alikuwa mwandishi John Steinbeck.

Septemba 1960, Steinbeck aliondoka nyumbani kwake Sag Harbor, jimbo la New York, akiendesha pikapu iliyojengewa chumba mgongoni. Gari hilo alilipa jina la Rocinante, yaani farasi wa Don Quixote. Alizunguka Marekani kwa umbali wa kilomita zipatazo 16,000, kisha mwaka 1962 akachapisha kitabu kiitwacho Travels with Charley. Mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Wapo waandishi wa baadaye waliotilia shaka baadhi ya mazungumzo yaliyomo kitabuni. Hata hivyo, mikasa iliyompata Charley ni ile ile inayowapata wasafiri wa leo.

Mkasa wa kwanza ulikuwa wa karatasi. Steinbeck alitaka kukata njia kupitia Kanada katika mpaka wa Niagara Falls. Akaelezwa kuwa kuingia Kanada hakukuwa na shida, ila wakati wa kurudi Marekani mbwa wake angezuiwa kwa sababu hakuwa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwandishi huyo mashuhuri ikambidi ageuze gari.

Mkasa wa pili ulikuwa wa dubu. Walipoingia Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Charley, mbwa mpole ambaye bwana wake hakuwahi kumwona akiwa na hasira, aliwaona dubu kando ya barabara akapandwa na wazimu. Alibweka na kujirusha ndani ya gari akitaka kutoka apigane. Steinbeck alilazimika kuikatiza ziara na kuondoka hifadhini.

Mkasa wa tatu ulikuwa wa ugonjwa. Charley alishikwa na maradhi ya njia ya mkojo wakiwa mbali na nyumbani. Daktari wa kwanza hakuwa wa msaada. Wa pili, katika mji wa Amarillo, Texas, ndiye aliyemtibu vizuri.

Charley alirudi nyumbani salama. Gari lake hadi leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Steinbeck mjini Salinas, California. Si kila mbwa aliyefika Yellowstone aliyekuwa na bahati kama yake.

Mlango uliofunguka

Yellowstone ina chemchemi nyingi za maji moto zinazofanana na zile za Ziwa Bogoria nchini Kenya. Nyingine maji yake ni ya buluu na maangavu kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ni bwawa la kuogelea.

Mwezi Julai 1981, vijana wawili kutoka California waliegesha gari lao karibu na chemchemi hizo. Mbwa wa mmoja wao alitoka garini, akakimbia na kujitosa katika chemchemi iitwayo Celestine Pool. Maji yake yalikuwa na joto la nyuzi zipatazo 94 za Selsiasi.

Kijana wa pili, mwenye umri wa miaka 24, aliwapuuza watu waliomsihi asifanye hivyo, akajitosa kumwokoa mbwa wa rafiki yake. Hakufanikiwa. Mbwa alifia majini, na kijana huyo alifariki dunia hospitalini siku iliyofuata kutokana na majeraha ya moto.

Kisa hicho hutajwa mara kwa mara watu wanapoonywa kuhusu hatari za hifadhi hiyo. Wengi hukiona kuwa kisa cha maji moto. Kwa msafiri mwenye mbwa, ni kisa cha mlango pia.

Mbwa aliyekaa garini saa nyingi hutoka kama risasi. Pua yake imejaa harufu ngeni, miguu yake imechoka kukunjwa, na mahali penyewe hapajui. Ndiyo maana wazoefu wana kanuni moja: ukanda hufungwa shingoni au kifuani mwa mbwa kwanza, ndipo mlango hufunguliwa. Wengine huweka geti dogo ndani ya mlango, kama lile la kuzuia watoto wachanga kwenye ngazi.

Sheria nazo ni kali. Katika hifadhi za taifa za Marekani, mbwa hutakiwa kuwa kwenye ukanda usiozidi mita 1.8. Yellowstone hairuhusu mbwa kwenda zaidi ya mita 30 hivi kutoka barabarani, kwenye maegesho au kambini, na ni marufuku kumpeleka kwenye njia za miguu au kwenye chemchemi.

Kwa hiyo anayetaka kupanda milima siku nzima na mbwa wake heri achague mahali pengine, au apange zamu: mmoja apande, mwingine abaki na mbwa.

Breki ya ghafla

Picha inayopendwa katika matangazo ya biashara ni ya mbwa aliyetoa kichwa dirishani, masikio yakipepea, au aliyekaa mapajani mwa dereva. Ni picha nzuri, lakini ni mazoea mabaya.

Gari likisimama ghafla kwa kugonga kitu likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mbwa asiyefungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Pigo analopata, au analompiga nalo aliyekaa mbele yake, ni sawa na la kitu kilichoanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu. Mbwa wa kilo 30 kwa mwendo huo anaweza kumvunja mtu shingo.

Nchini Uingereza, kanuni za barabarani, kipengele cha 57, zinamtaka dereva ahakikishe mbwa amezuiwa vizuri ili asimsumbue wala asimjeruhi mtu au kujijeruhi gari likifunga breki. Njia zinazotajwa ni mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa kiti, kizimba, au wavu wa kumtenga na abiria.

Ndani ya gari-nyumba, kizimba chenyewe lazima kifungwe imara sakafuni au kwenye kiti. Kizimba kilicholegea ni mzigo mwingine wa kuruka. Vile vile, mkanda usifungwe kwenye kola ya shingoni, maana breki ikikanyagwa kola hiyo hugeuka kitanzi.

Kuhusu starehe, mbwa hapaswi kula shibe kabla ya safari. Chakula kidogo saa tatu kabla ya kuondoka kinatosha, kwani wengine hutapika kama abiria wa basi. Kila baada ya saa mbili hivi gari lisimame, mbwa anywe maji, ajisaidie na kunyoosha miguu.

Mbwa ambaye hajazoea asianze na safari ya wiki mbili. Kwanza alishwe ndani ya gari likiwa limezimwa nyumbani, kisha alale humo usiku mmoja, kisha azungushwe mtaani.

Tanuri lenye madirisha

Katika mambo matatu tuliyoyataja, joto ndilo linalokuja kimyakimya.

Binadamu hutoa jasho mwilini kote. Mbwa hutegemea zaidi kuhema huku ametoa ulimi. Hewa inayomzunguka ikiwa ya moto, kuhema hakumsaidii. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Walio hatarini zaidi ni mbwa wenye pua fupi kama bulldog na pug, wazee, na wanene.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya kupima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwa wastani, joto lilipanda kwa nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha madirisha wazi kidogo hakukuleta nafuu ya maana.

Hii ina maana kwamba hata siku ya nyuzi 25, siku ambayo mtu wa Nairobi angeiita ya kupendeza, ndani ya gari joto linaweza kufika nyuzi 47.

Wenye magari-nyumba hujidanganya kwamba wao wana kiyoyozi. Ni kweli, lakini injini ikizimwa, kiyoyozi cha darini hutegemea umeme wa kambi au jenereta. Umeme ukikatika wakati wenye gari wako dukani, mbwa hana wa kumfungulia dirisha. Siku hizi kuna vipima joto vinavyotuma ujumbe kwenye simu ya mkononi, ila navyo havina faida mahali pasipo na mtandao.

Jenereta nayo ina hatari yake. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu na mbwa wakiwa usingizini. King'ora cha gesi hiyo ni lazima kiwe kinafanya kazi. Aidha, mbwa anayerukia jiko anaweza kugeuza kitasa cha gesi, hivyo gesi ifungwe kwenye mtungi kila anapobaki peke yake.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kuhema kwa nguvu, udenda mzito, kuyumba, kutapika na hatimaye kuzimia. Mbwa huyo apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi mwilini, apepewe, kisha akimbizwe kwa daktari wa mifugo. Kupoza kuanze hapo hapo, kusisubiri hospitali.

Jimbo la California, tangu 2017, linamruhusu mpita njia kuvunja dirisha ili kumwokoa mnyama aliye hatarini ndani ya gari, baada ya kutimiza masharti, likiwamo la kupiga simu kwa polisi au zimamoto.

Vyeti na daktari

Yaliyomkuta Steinbeck mpakani yangeweza kumkuta mtu leo. Tangu Agosti 1, 2024, kila mbwa anayeingia Marekani lazima awe na umri wa angalau miezi sita, awe na kichipu cha utambulisho chini ya ngozi, na mwenyewe awe amejaza fomu maalumu. Mbwa wanaotoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, wana masharti ya ziada.

Kichipu hicho kina faida nyingine. Mbwa akipotea kilomita 2,000 kutoka nyumbani, kola inaweza kukatika, lakini kichipu hubaki. Mwenyewe ahakikishe namba ya simu iliyosajiliwa ni ile anayotembea nayo safarini.

Vyeti vya chanjo, dawa za kupe na viroboto, na simu ya daktari wa mifugo aliye karibu na kila kambi viandaliwe kabla ya safari. Daktari hatafutwi usiku wa manane mbwa akiwa tayari anagaagaa.

Kwa msomaji wa huku kwetu asiye na gari-nyumba wala nia ya kulinunua, yote haya hayako mbali naye. Jua linalochemsha gari Arizona ndilo linalolichemsha Mombasa, na breki inayomrusha mbwa barabara kuu ya Marekani ndiyo inayomrusha kutoka nyuma ya pikapu yetu. Mbwa hawezi kusema gari lisimame, hawezi kushusha kioo, wala hawezi kusoma kibao cha onyo. Aliyemfungulia mlango apande ndiye anayepaswa kumfanyia hayo yote hadi safari iishe.