MAVUNO YA MAHINDI KATIKA NCHI YA MALAWI

Nataka kuwaeleza habari za mavuno ya nafaka katika nchi yetu tangu zamani mpaka sasa. Nafaka zetu ni za namna nyingi. Sisi watu wa Karonga twalima mpunga, na wenzetu wa bonde la Shire wanalima mtama na mawele. Lakini katika Malawi mtu akisema chakula, maana yake ni mahindi. Kwa hiyo nitaeleza mahindi tu.

Mwaka 2002 nilikuwa na umri wa miaka minane. Kihenge cha babu kilikuwa kitupu tangu kabla ya mwaka mpya, na mama alikuwa akichanganya unga na pumba ili chungu kijae. Watu walivunja mahindi mabichi shambani kabla hayajakomaa, wakala mavuno ya mwaka ule kabla ya kuyavuna. Baadaye, nilipokuwa hapa shuleni, mwalimu wa jiografia alitufundisha kuchora mstari wa mavuno, mwaka kwa mwaka. Nilipofika 2001 na 2002 niliona mstari umeshuka. Ndipo nilipojua kwamba njaa ya nyumbani kwetu haikuwa yetu peke yetu. Tangu siku ile naongeza hesabu ya kila mwaka katika daftari langu.

Hebu tutazame hesabu chache. Mwaka 1987 nchi ilivuna tani milioni 1.2 hivi. Mwaka 1992 ukawa mwaka wa ukame mkubwa katika nchi zote za kusini mwa Afrika, na mavuno yetu hayakufika hata tani 700,000. Mwaka uliofuata mvua ilirudi, yakapanda mpaka milioni 2. Mwaka 2000 yalikuwa milioni 2.5, mwaka 2005 yakaanguka tena mpaka milioni 1.2, kama ya 1987. Mwaka 2007 yakapita milioni 3, na mwaka 2021 yakapita milioni 4.5. Basi mstari huu unapanda, lakini haupandi kama ngazi. Unapanda kama njia ya mlimani, yenye mabonde katikati.

Kwa nini umepanda? Sababu ya kwanza ni mbegu. Zamani mbegu za kisasa zilikuwa za punje laini. Mama zetu hawakuzipenda, kwa sababu zikitwangwa kinuni zinapondeka pamoja na pumba, na zikiwekwa ghalani wadudu hawachelewi kuzitoboa. Mwaka 1990 wataalamu wetu walitoa mbegu mbili, MH17 na MH18, zenye mazao mengi na punje ngumu kama za kienyeji. Tangu hapo wakulima wengi walianza kuzikubali. Sababu ya pili ni mbolea. Mwaka 1998 serikali ilianza kugawa vifurushi vya mbegu na mbolea bure kwa wakulima wadogo. Halafu, baada ya ukame wa 2005, Rais Bingu wa Mutharika alianzisha mpango wa kuponi, ili mkulima maskini anunue mbolea kwa bei ndogo. Mavuno ya 2006 yakawa zaidi ya mara mbili ya mavuno ya 2005. Lakini tusisahau kwamba msimu ule mvua nayo ilikuwa njema.

Na kwa nini huanguka? Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili. Mvua ikikatika mwezi wa Februari, wakati mahindi yanapotoa mbelewele, hakuna msimu wa pili wa kufidia, ila kungoja mwaka mzima. Tuna ziwa kubwa mbele ya macho yetu, lakini mashamba ya mahindi yanayomwagiliwa maji ni machache sana. Tena mbolea yetu karibu yote hutoka nje, ikaletwa kutoka bandari za nchi nyingine kama Beira, Nacala na Dar es Salaam. Bei yake ikipanda duniani, hata mkulima wa kijijini huumia. Na wakati mwingine balaa hutoka angani: kimbunga Freddy mwezi wa Machi 2023, na ukame wa El Niño mwaka 2024.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kila mavuno yakiwa makubwa twashangilia, nasi hatuhesabu walaji. Mwaka 1987 watu wa Malawi walikuwa karibu milioni 8. Gawanya mavuno ya mwaka ule, na kila mtu atapata kilo 150, yaani magunia matatu ya kilo hamsini. Katika hesabu ya watu ya 2018 tulikuwa zaidi ya milioni 17.5, na mavuno yalikuwa tani milioni 2.7. Gawanya tena: kilo 154. Miaka 31 ilikuwa imepita, mavuno yamezidi mara mbili, na fungu la mtu mmoja halikuongezeka hata kwa debe moja. Kweli, miaka yote hiyo miwili haikuwa miaka ya neema, na mwaka 2021 fungu lilikuwa kubwa zaidi. Lakini njaa haiji mwaka wa neema.

Jambo jingine ni hili. Hesabu za mavuno hazipimwi kwa mizani; ni makadirio yanayofanywa mashambani. Mwaka 2008 makadirio yalisema chakula kipo cha kutosha, na huku bei ya mahindi sokoni ikapanda sana. Kwa hiyo msomaji mwenye busara asitazame makadirio peke yake. Aulize na bei ya sokoni.

Na kabla ya njaa ya 2002, ghala la akiba la taifa lilikuwa limeuzwa karibu lote, kwa kuwa mavuno ya 1999 na 2000 yalikuwa makubwa na watu wakadhani shida imekwisha. Babu hakuwa na daftari la hesabu, lakini siku zote alisema, akiba haiozi. Hata sasa kila mwaka mzuri huacha kihenge kimoja bila kukigusa mpaka aone mahindi mapya yamechanua.

Basi, ninyi mtakaokuwa maofisa wa kilimo, waalimu na wakulima, mkisikia mavuno ya mwaka huu yamevunja rekodi, furahini, lakini ulizeni maswali matatu: Yamegawanywa kwa watu wangapi? Mwaka jana yalikuwaje? Na ghalani kumewekwa nini?